Goti limelika: je, sindano ya seli shina itaotesha gegedu upya?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 51, uzito kilo 88. Goti la kulia linanisumbua mwaka wa tatu sasa, hasa nikishuka ngazi au nikiinuka baada ya kukaa muda mrefu. Linalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nimepigwa emarai (picha ya MRI), ripoti inasema gegedu la upande wa ndani limelika, daraja la tatu. Kliniki moja imeniambia ute umekauka na mifupa inasagana, ila wakinichoma sindano tatu za seli shina zinazotoka kwenye kitovu cha mtoto, gegedu litaota upya ndani ya miezi sita. Jirani yangu alichomwa na sasa anatembea kama msichana. Je, ni kweli gegedu linaota? Na wakati nafikiria, nitembee au nilipumzishe goti?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile unalolisubiri: hapana. Hakuna jaribio la kuaminika lililothibitisha kwamba sindano ya namna hiyo hurudisha gegedu la goti lililochakaa, yaani ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa. Huenda ikakupunguzia maumivu kiasi kwa muda, na huko chini nitakueleza kwa nini hata hilo ni gumu kulipima. Lakini ahadi ya miezi sita gegedu limeota, hiyo iache hapo hapo kliniki.

Kabla ya seli shina zenyewe, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, kuna maneno mawili uliyoambiwa ambayo nayasikia karibu kila siku, na yote mawili yanatisha watu bure.

La kwanza ni "ute umekauka". Goti zima lenye afya lina ute wa mililita chache tu, haufikii kijiko cha chai. Goti lililolika, mara nyingi, ute wake huwa mwingi kupita kiasi, maana utando wa ndani umekasirika na unautoa bila mpango. Nimeshavuta bomba zima la ute, na nikabadilisha bomba, kwenye goti ambalo mwenyewe aliletwa akiwa na barua inayosema limekauka. Kinachobadilika ni ubora wake: badala ya kuvutika kama ute wa yai, unatoka mwepesi kama maji.

La pili ni "mifupa inasagana". Kwa mizani inayotumika sana, daraja la tatu maana yake gegedu limepungua zaidi ya nusu ya unene wake mahali fulani. Mfupa kubaki wazi ni daraja la nne. Kwa hiyo kwa ripoti uliyonayo mkononi, mifupa yako haijafika kusagana. Na huo mlio, kama hauambatani na maumivu wala goti kukwama, usiuhangaikie. Magoti mazima nayo hulia.

Sasa hili gegedu ni kitu gani hasa? Tukichungulia ndani ya goti kwa kamera, huwa tunalijaza maji kwanza ili kupata nafasi ya kuona. Gegedu zima linaonekana jeupe, linang'aa, na ukilibonyeza kwa ncha ya kifaa linabonyea kidogo kisha linarudi. Lililolika halifanyi hivyo. Nyuzi zake zimesimama, zinapepea majini kama mwani, na ukibonyeza kifaa kinazama kama kwenye godoro lililochoka. Unene wake kwenye goti ni milimita 2 hadi 4 sehemu nyingi, na nyuma ya kilegesambwa huzidi hapo. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, yanayoshikiliwa na wavu wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Seli zilizo hai humo ndani ni chache mno, asilimia chache tu ya ujazo wote, kila moja imejifungia kwenye kichumba chake.

Shida iko hapo. Gegedu halina mishipa ya damu. Ngozi ikichanika, damu inakuja, inaganda, inaleta seli za kutengeneza, na baada ya siku kadhaa kidonda kinafunga. Gegedu likichanika, hakuna kinachokuja. Tabibu William Hunter aliliandikia Shirika la Kifalme la Sayansi mjini London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu miaka mia tatu baadaye, mwaka 2016, watafiti wa Denmark walilipima jambo hilo kwa njia ambayo mimi binafsi naipenda sana. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalimwaga kaboni-14 (kaboni yenye mionzi) nyingi hewani, na kila mtu aliyekuwa akikua wakati huo aliihifadhi mwilini. Walipopima kolajeni ya gegedu la goti, walikuta ina umri wa tangu mwenyewe alipokuwa kijana anayekua. Baada ya hapo haikubadilishwa tena, hata kwenye magoti yenye ugonjwa, ambako ungetegemea mwili ujaribu kutengeneza. Kwa maneno mengine, wavu wa gegedu ulio nao leo ndio uliomaliza nao usichana.

Gegedu halina mishipa ya fahamu pia, kwa hiyo lenyewe haliumi. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando wa goti uliovimba, na mfuko unaolizunguka goti. Ndiyo maana picha na maumivu haviendi pamoja. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti uliofanyika Framingham, Marekani, kwa watu 710 waliozidi miaka 50 ambao eksirei zao hazikuonyesha kulika kwa goti. Walipopigwa emarai, asilimia 89 walikutwa na kasoro angalau moja, na wengi wao hawakuwa na maumivu yoyote. Nakutajia hili kwa sababu kliniki inakuuzia kurekebisha picha, wakati wewe ulienda kutafuta kushuka ngazi bila kuumia.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kila kitu, na ambalo matangazo hayaligusi: je, goti lako lina shimo au limechakaa? Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kijana wa miaka 24 aliyeanguka uwanjani akang'oa kipande cha gegedu, ana shimo. Kando ya shimo hilo gegedu ni zima, na mazingira ya goti ni mazuri. Nguo ikitoboka mahali pamoja, kiraka kinashika, kwa sababu pembeni kuna kitambaa cha kushonea. Nguo iliyolika yote, kila ukichoma sindano inachanika zaidi. Ugonjwa wako, mtu wa miaka 51 mwenye gegedu linalopungua pole pole upande mzima wa ndani, ni wa nguo iliyolika. Wenyewe tunauita osteoathraitisi. Tena si gegedu peke yake: mfupa wa chini umekuwa mgumu, utando umevimba, misuli imelegea. Ukipanda mbegu kwenye shamba hilo, seli mpya zinakutana na mazingira yale yale yaliyoziua za zamani.

Kwa wenye shimo, tiba ya seli ipo kweli na si hadithi. Mwaka 1987 mjini Gothenburg, Uswidi, madaktari walianza kuchukua kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito, wakazikuza seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakalifungua goti na kuzipandikiza kwenye shimo. Mwaka 1994 walichapisha matokeo ya wagonjwa 23 wa kwanza, na dunia ikasimama kuwatazama. Toleo lake la kisasa, seli zikiwa zimepandwa juu ya utando wa kolajeni, liliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Lakini angalia vizuri: hizo ni seli za gegedu lenyewe, siyo seli shina. Hupandikizwa kwa upasuaji, hazidungwi. Mgonjwa anatembelea magongo kwa wiki nyingi, na michezo inasubiri karibu mwaka mzima. Korea Kusini nao waliidhinisha mwaka 2012 bidhaa ya seli shina kutoka damu ya kiungamwana (kamba ya kitovu cha mtoto), na hiyo nayo daktari anafungua goti, anatoboa matundu, anazijaza humo. Kliniki za sindano huazima heshima ya kazi hizi, kisha zinakuuzia kitu kingine.

Kuna njia ya zamani zaidi ambayo inatufundisha. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa mifupa, wakimfuata Mmarekani Richard Steadman, wamekuwa wakitoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ulio chini ya shimo ili uboho utoke na kuganda hapo. Uboho huo una seli shina za mgonjwa mwenyewe, zilizo hai, zimefika papo hapo zinapotakiwa. Zinaota nini? Mara nyingi kinachoota ni gegedu la nyuzi, tishu ya kovu iliyo dhaifu kuliko ya awali, inayosaidia miaka kadhaa kisha inaanza kulika. Kama seli shina zilizowekwa kitandani pake hazirudishi gegedu halisi, unaweza kupima mwenyewe zile zinazomwagwa ndani ya ute na kuachwa zijitafutie njia.

Ndani ya bomba la sindano kuna nini? Inategemea. Wengine wanavuta uboho kutoka mfupa wa nyonga, wanauzungusha kwenye mashine, wanakuchoma majimaji yaliyobaki. Katika uboho, seli shina za aina inayotakiwa ni moja tu kati ya seli elfu kumi hadi laki moja, kwa hiyo hata ukiukoleza bado unachomwa zaidi seli nyingine. Wengine wanachukua mafuta ya tumboni. Hao wa kliniki yako wanatumia kiungamwana, na hapo mimi huwa na mashaka zaidi, kwa sababu bidhaa nyingi za kondo na kiungamwana zilizopimwa na maabara huru zilikutwa hazina seli shina hai hata moja. Zimegandishwa, zikasafirishwa, zikayeyushwa, zikafa. Hata zikiwa hai, nyingi hupotea ndani ya siku au wiki chache baada ya kudungwa. Hazigeuki gegedu. Zinachofanya ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe. Arnold Caplan, mwanasayansi wa Marekani aliyezipa seli hizi jina la "seli shina za mesenkaima" mwaka 1991, ndiye huyo huyo aliyeandika mwaka 2017 akiomba jina libadilishwe, maana neno "shina" lilikuwa linawapa wagonjwa matumaini ya kuoteshewa viungo. Baba wa mtoto anaomba jina la mtoto lifutwe, na matangazo bado yanaliimba.

Sasa jirani yako. Simkatalii. Naamini kabisa anatembea vizuri. Lakini sikia hili. Katika hospitali ya Mayo Clinic ya Florida, Marekani, madaktari walichukua watu 25 wenye magoti yote mawili mabovu. Kila mmoja alivutwa uboho wake wa nyonga. Goti moja likachomwa uboho uliokolezwa, la pili likachomwa maji ya chumvi, na mgonjwa hakujua lipi ni lipi. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: maumivu yalipungua sana, kwenye magoti yote mawili, bila tofauti kati ya la seli na la maji. Mimi nikiwasimulia wagonjwa habari hii huwa wanacheka kwanza, halafu wananyamaza.

Sababu ziko mbili angalau. Kuna nguvu ya tumaini, ambayo kwa maumivu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa tiba ikiwa ya sindano na imemgharimu mtu. Na kuna tabia ya ugonjwa wenyewe: goti hupanda na kushuka. Mtu haendi kutafuta sindano siku goti limetulia, anaenda siku limechachamaa. Baada ya hapo lingeshuka hata kama angechomwa kitu gani, na sifa inakwenda kwa yule wa mwisho kumgusa.

Utafiti mkubwa zaidi, uliotolewa Marekani mwaka 2023, ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 470. Ulilinganisha uboho, mafuta na seli za kiungamwana dhidi ya sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja hakuna aina hata moja ya seli iliyoishinda steroidi kwenye maumivu, na emarai haikuonyesha gegedu lililoongezeka. Nisiwe mchoyo kwa upande wa pili: mwaka 2025 jopo la Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, lilichambua majaribio 25 ya sindano za seli shina za goti, likasema huenda zinapunguza maumivu na kuboresha utendaji kidogo kuliko sindano bandia, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Kuhusu kuzuia ugonjwa usisonge mbele, hawakupata cha kuegemea. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa maumivu ya viungo.

Kama ingekuwa ni kupoteza hela tu, ningekuambia uamuzi ni wako. Lakini mwaka 2018 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa taarifa ya wagonjwa 12 waliolazwa hospitali kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kiungamwana, wengi kwenye viungo na uti wa mgongo. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vilikutwa tayari na bakteria. Goti likipata usaha, gegedu ambalo lingedumu miaka huliwa ndani ya siku chache.

Ukitaka kuirudia ile kliniki, waulize seli zilizo hai kwenye kila dozi ni ngapi na nani alizihesabu. Waulize bidhaa imesajiliwa na mamlaka ya dawa kwa namba gani. Wakisema ni utafiti, omba fomu ya ridhaa na jina la kamati ya maadili iliyoupitisha, na uulize mbona unalipia kufanyiwa utafiti. Wengi huishia swali la kwanza.

Cha kufanya ni kipi basi? Kwanza omba eksirei ya goti ukiwa umesimama. Nashangaa wangapi huletwa na emarai ya bei kubwa bila kupigwa picha hiyo rahisi. Inaonyesha nafasi halisi goti likiwa limebeba uzito, na kama mguu wako umepinda kwa nje. Kama umepinda na ubovu uko upande wa ndani peke yake, kuna upasuaji wa kunyoosha mfupa wa muundi unaohamishia mzigo upande usiolika, na kwa umri wako unafaa kuzungumzwa na daktari wa mifupa. Goti bandia ni la mwisho, lakini lisikutie hofu isiyo na sababu: takribani asilimia 82 ya magoti bandia kamili yanakuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25.

Uzito nao tusiukwepe. Kila kilo unayopunguza inaondoa kama kilo nne za mzigo juu ya goti kwa kila hatua. Ukishuka kilo tano tu, kila hatua goti linabeba pungufu ya kilo ishirini, na kwa siku unapiga hatua maelfu. Siku likichachamaa, paka jeli ya diklofenaki kabla hujakimbilia vidonge. Steroidi nayo inatuliza kwa wiki kadhaa, ila isiwe desturi: utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua zaidi.

Umeuliza utembee au upumzike. Tembea. Gegedu lisilo na damu linakula kwa kukamuliwa: ukikanyaga, maji yanatoka, ukiinua mguu, yanaingia na chakula. Goti lililopumzishwa linashinda njaa, na misuli ya paja iliyokuwa ikilibebea mzigo inanywea. Denmark ilianzisha mwaka 2013 mpango wa mazoezi ya kusimamiwa kwa watu wenye magoti kama lako au nyonga zilizolika, na nchi nyingine zimeuiga. Hautumii kifaa chochote cha ajabu.

Anza na kiti kigumu kinachofikia urefu wa magoti yako. Kaa ukingoni, nyayo zote sakafuni, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Inuka bila kujishika, ukihesabu moja mbili. Shuka ukihesabu moja hadi nne, usijiangushe, maana kule kushuka pole pole ndiko kunakojenga paja. Mara kumi, pumzika, rudia hadi raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Kama huwezi kuinuka, weka mto juu ya kiti, na uuondoe wiki utakapoweza. Litauma kidogo. Maumivu yasizidi tano kwa kumi, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakiwa hayajarudi, punguza idadi, usiache.

Kwenye ngazi, kupanda tanguliza mguu usiouma, kushuka tanguliza huo unaouma, na shikilia ukuta au reli. Siku ukihitaji fimbo, ishike mkono wa kushoto. Goti lako bovu ni la kulia, na karibu kila anayeingia chumbani kwangu na fimbo ameishika upande usio wake.